Kuibana Serikali kwa Saini Yake: Salim Ahmed Salim na Diplomasia ya Haki



Nimeombwa nizungumzie kazi ya mwanadiplomasia anayeshughulika na haki za binadamu. Kazi hii haieleweki vizuri mpaka uione mikononi mwa mtu, na mtu niliyemchagua mnamjua kwa jina: Dkt. Salim Ahmed Salim. Najua wapo watakaosema kwamba Salim ni mtu wa ukombozi na usuluhishi, na kwamba haki za binadamu ni uwanja wa mawakili na mashirika ya kiraia. Sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Mwanaharakati husimama nje ya ofisi ya serikali na kuipigia kelele, na ni vizuri kwamba yupo. Mwanadiplomasia yumo ndani. Serikali ndiyo inayomlipa, ndiyo inayompa maagizo, na siku ikimchoka inamrudisha nyumbani. Hana jeshi wala mahakama. Alichonacho ni uwezo wa kuzishawishi serikali ziweke saini leo kwenye maandishi yatakayozibana kesho. Ukiipima kazi ya Salim kwa kipimo hicho, utaona kwamba kwa muda wa miaka 30 na zaidi alikuwa akifanya kazi moja, hata vyeo vilipobadilika.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi na wa Muungano, akapelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22. Kutoka Misri alikwenda India, kisha China, na mwaka 1970 akafika New York kuwa mwakilishi wa kudumu wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Hapo alikaa miaka kumi. Sitakaa sana kwenye safari hizo. Kilichonivuta ni kazi aliyokabidhiwa mwaka 1972, ya kuongoza Kamati Maalumu ya Kuondoa Ukoloni, ile tuliyozoea kuiita Kamati ya 24.

Kwenye karatasi, kamati ile ilikuwa ya kupokea ripoti. Wakoloni walileta ripoti zao au walikataa kuzileta, wajumbe wakahutubia, azimio likapita, na mwaka ukaisha. Ureno ilikuwa imeshika msimamo wake: Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji si makoloni, ni mikoa ya Ureno iliyo ng'ambo ya bahari, na hao wanaojiita wapigania uhuru hawana hata kijiji kimoja wanachokitawala. Neno la serikali dhidi ya neno la waasi. Katika chumba cha mikutano, neno la serikali huwa zito zaidi, kwa sababu vyumba vile vimejengwa kwa ajili ya serikali.

Kamati ikaamua kwenda kuona. Mwezi Aprili 1972, wajumbe watatu kutoka Ecuador, Sweden na Tunisia waliingia Guinea-Bissau wakisindikizwa na wapiganaji wa PAIGC, chama cha Amílcar Cabral. Walikuwa huko tangu tarehe 2 hadi 8. Hebu liangalieni jambo hili kwa karibu: maofisa wa kibalozi, watu waliozoea vipaza sauti na tafsiri ya papo kwa papo, wakitembea kwa miguu msituni, mara nyingi usiku, huku jeshi la Ureno likijua kwamba wapo na likizidisha mashambulizi. Waliona shule na zahanati zilizojengwa chini ya miti ili ndege zisizione. Waliona maduka ya wananchi. Waliona watu wanaojitawala. Waliporudi, Kamati iliitambua PAIGC kuwa ndiyo mwakilishi wa kweli wa watu wa nchi ile.

Cabral aliuawa Januari 1973, lakini mwezi Septemba mwaka huohuo chama chake kilitangaza uhuru, na mapema Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaupokea kwa kura nyingi wakati wanajeshi wa Ureno wangali ndani ya nchi. Katika mikataba yote miwili mikuu ya haki za binadamu ya mwaka 1966, ibara ya kwanza kabisa inataja haki ya watu kujiamulia mambo yao. Kwa Salim na kizazi chake, hapo ndipo haki nyingine zote zilipoanzia. Na tunajifunza jambo la kikazi hapa. Ushahidi uliochukuliwa kwa miguu uliingizwa kwenye ripoti rasmi ya Umoja wa Mataifa, yenye namba na tarehe, na tangu hapo Ureno haikuweza tena kuuita uvumi.

Januari 1976 ilimkuta Salim kwenye kiti cha Rais wa Baraza la Usalama. Tarehe 30 ya mwezi huo Baraza lilipitisha, bila mjumbe hata mmoja kupinga, azimio namba 385 lililoitaka Afrika Kusini iondoke Namibia na uchaguzi huru ufanyike chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Pretoria ililipuuza. Namibia ilipata uhuru Machi 1990, miaka 14 baadaye, kwa uchaguzi wa aina ileile. Kijana anayeingia kwenye kazi hii akitaka matokeo ya haraka atavunjika moyo mapema sana.

Sasa naomba mnivumilie kidogo kwenye mwaka 1979, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi Watanzania hatulisemi vya kutosha. Septemba mwaka huo Salim alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu, kikao cha 34. Tarehe 18 Desemba, chini ya urais wake, Baraza Kuu lilipitisha Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake. Kura za ndiyo zilikuwa 130, na ya hapana haikuwepo hata moja. Simpi Salim sifa ya kuuandika. Waliouandika walikuwa wengi, na kazi ilianza miaka kabla yake. Rais wa Baraza Kuu huongoza ratiba, husikiliza malalamiko ya nchi zinazotaka jambo lisogezwe hadi mwaka ujao, huzungumza na wakaidi pembeni, kisha hugonga rungu. Lakini kila aliyewahi kukaa kwenye mikutano ya aina hiyo anajua ni rasimu ngapi nzuri hufia kwenye ratiba.

Tanzania iliuridhia mkataba ule mwaka 1985. Miaka michache baadaye, katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, mwanamke mmoja wa Kihaya aliyekuwa ameachiwa shamba na baba yake kwa wosia aliona uzeeni kwamba hana wa kumtunza. Akaliuza shamba, Agosti 1988, kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani: ardhi ni ya ukoo, na kwa mila ya Kihaya iliyoandikwa na kutambuliwa na serikali mwaka 1963, mwanamke anaweza kuitumia maisha yake yote lakini hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, ikamwamuru yule mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikapindua hukumu. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hukumu ilitolewa Februari 1990. Jaji alitazama haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Kisha alinyoosha mkono mbali zaidi, akachukua Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ule mkataba wa wanawake wa Desemba 1979. Tanzania imeutia saini, imeuridhia. Basi mila inayomnyima mwanamke kuuza alichorithi huku ikimruhusu mwanamume haiwezi kusimama. Mama yule akashinda, na kanuni ile ya mila ikaanguka pamoja na madai ya mpwa wake.

Nimeisoma hukumu ile mara nyingi na kila mara inanigusa. Bibi kizee wa Muleba hakumjua balozi yeyote. Huenda hakupata kusikia kwamba kuna jumba refu New York ambamo watu hubishana juu ya nafasi ya mkato katika sentensi. Lakini mabishano yale ndiyo yaliyomwezesha jaji wa Mwanza kusema alichosema. Na miongoni mwenu mtakaopangiwa dawati la mikataba, mkaona mmetupwa kwenye kazi ya makaratasi, nawaomba muitafute hukumu hiyo muisome.

Hapa kuna swali ambalo mwanafunzi makini lazima aliulize. Nchi iliyompeleka Salim New York kulaani vizuizi vya makaburu nayo ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Ilitumika, na watu walikaa ndani miaka. Balozi anayetetea haki nje ya nchi hubeba mzigo huo popote aendapo, na wapinzani wake humkumbusha. Hana njia safi ya kuukwepa. Anaweza kujiuzulu, na wako waliofanya hivyo kwa heshima. Anaweza kunyamaza. Au anaweza kutumia kila azimio analolipigania nje kama kamba itakayofika nyumbani. Ni haki pia kukumbuka kwamba haki za msingi zilipoingizwa kwenye Katiba, Oktoba 1984, Salim alikuwa Waziri Mkuu, aliyeshika nafasi hiyo Aprili mwaka huo baada ya kifo cha Edward Sokoine. Mabadiliko yale hayakuwa ya mtu mmoja. Yalidaiwa na wananchi na wanasheria. Lakini serikali iliyoyakubali ilikuwa na watu waliotumia miaka wakizihubiria nchi nyingine.

Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Afrika ilimuunga mkono, na nchi nyingi za dunia ya tatu zilikuwa pamoja naye. Marekani ikapiga kura ya turufu, ikarudia, na ikarudia tena. Wengi wameiunganisha hasira hiyo ya Marekani na Oktoba 1971, siku China ilipopewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa na ujumbe wa Tanzania ukashangilia waziwazi ukumbini, huku balozi wa Marekani aliyeshindwa siku hiyo akiwa George Bush, ambaye mwaka 1981 alikuwa Makamu wa Rais. Upande wa pili China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwa madarakani, mara 16. Mganda, Olara Otunnu, aliyekuwa Rais wa Baraza la Usalama mwezi Desemba, ndiye aliyewaomba wote wawili wakae pembeni ili njia ifunguke, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: mwanadiplomasia anayesimama wazi upande wa watu wanaoonewa ana gharama ya kulipa, na bili huweza kuja baada ya miaka kumi.

Afrika ilimhitaji mahali pengine. Julai 1989 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, akakaa hadi Septemba 2001. Kama mnataka kuelewa ugumu wa kazi ile, anzeni na hati ya mwaka 1963 iliyouanzisha Umoja. Ilikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Kwa mataifa machanga, yaliyokuwa yanaogopa wakoloni warudi kwa mlango wa nyuma, katazo hilo lilikuwa na busara. Lakini likageuka kuwa ukuta ambao nyuma yake watu walichinjwa. Idi Amin aliua Waganda kwa maelfu, na mwaka 1975 viongozi wa Afrika wakaenda kukutana Kampala, yeye akiwa mwenyeji na mwenyekiti wao. Tanzania ilisusia. Mwalimu Nyerere aliona kwamba Umoja umekuwa chama cha kulindana cha wakuu wa nchi. Na Tanzania ilipomng'oa Amin mwaka 1979, baadhi ya viongozi hao walitulaumu sisi.

Salim sasa alikuwa mtendaji mkuu wa chama hichohicho. Hakuweza kuwatukana waajiri wake. Alichofanya, katika ripoti aliyowapelekea mwaka 1992 juu ya migogoro barani, ni kuchukua lugha ya undugu waliyoizoea wenyewe na kuwarudishia. Aliwaambia kwamba kila Mwafrika ni mlinzi wa nduguye, kwamba mipaka yetu ni ya kuchorwa, na kwa hiyo katazo la kuingilia lazima tulifasiri kwa desturi zetu wenyewe, ambamo jirani haachi nyumba ya jirani iteketee. Mtazame fundi kazini: hakusema katazo lifutwe, kwa sababu angeshindwa siku hiyohiyo. Alisema lifasiriwe. Liberia na Somalia zilikuwa zinawaka moto, hakuna aliyeweza kubisha kwa nguvu, na Juni 1993 mjini Cairo viongozi walikubali kuunda Mfumo wa Kuzuia, Kusimamia na Kutatua Migogoro. Kwa mara ya kwanza Katibu Mkuu alikuwa na ruhusa ya kuanza hatua bila kusubiri kuombwa na serikali inayolalamikiwa.

Halafu ikaja Rwanda.

Sitaki kuipunguza makali. Umoja ulikuwa mshiriki wa Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993 juu ya amani ya Rwanda, na waangalizi wake walikuwa Rwanda. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi chake hadi watu 270, na Afrika, iliyokuwa imejipa mfumo mpya mwaka mmoja tu kabla, haikuwa na askari wala fedha wala ndege za kuufanya mfumo huo uwe kitu. Mwezi Juni viongozi walikutana Tunis. Nelson Mandela alihudhuria kwa mara ya kwanza akiwa Rais, akasema wazi kwamba Rwanda ni karipio kwetu sote. Lakini katika ukumbi huohuo, kiti cha Rwanda kilikaliwa na ujumbe wa serikali ileile iliyokuwa ikiendesha mauaji. Walikuwa na hati halali. Itifaki ilifuatwa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uchungu zaidi ubaya wa diplomasia isiyotazama mikono ya anayeketi mezani.

Kuna mambo mawili yaliyofuata ambayo naomba myaweke pamoja. La kwanza: Umoja wenyewe uliunda jopo la watu saba, chini ya Sir Ketumile Masire, Rais wa zamani wa Botswana, lichunguze kilichotokea. Jopo lilitoa ripoti mwaka 2000 likisema mauaji yale yangeweza kuzuilika. Liliitaja Ufaransa, Marekani, Ubelgiji na Baraza la Usalama. Liliutaja pia Umoja uliolituma, pamoja na aibu ile ya Tunis. Taasisi chache duniani zimelipia uchunguzi wa kujilaumu na kuuchapisha.

La pili halijulikani sana. Mkutano uleule wa Tunis ulipitisha azimio lililomwagiza Katibu Mkuu awaite wataalamu wa serikali wafikirie namna ya kuipa nguvu Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiwemo kuanzisha mahakama. Azimio la namna hiyo ni rahisi kulipitisha na ni rahisi zaidi kulisahau. Salim na ofisi yake hawakulisahau. Wataalamu wakakutana Cape Town 1995, Nouakchott 1997, Addis Ababa mwishoni mwa mwaka huohuo, na Juni 1998 mjini Ouagadougou itifaki ya kuanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikapitishwa. Miaka miwili baadaye, huko Lomé, hati ya kuanzisha Umoja wa Afrika ikaandika katika ibara ya 4 jambo ambalo mwaka 1963 lisingewezekana kutamkwa: Umoja una haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama pakiwepo uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Maandishi hayajitekelezi yenyewe, na Salim alilijua hilo vizuri. Alipokuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Afrika kwa Darfur, mazungumzo ya Abuja yalizaa mkataba wa Mei 2006 uliosainiwa na serikali ya Sudan na kundi moja tu la waasi. Makundi mengine yalikataa, na watu wa Darfur wakaendelea kufa.

Kwa hiyo turudi kwenye Mahakama, kwa sababu ipo hapa kwetu, Arusha. Itifaki ya Ouagadougou ina ibara ya 34, kifungu cha 6, kilichowekwa ili serikali zenye wasiwasi zikubali: mwananchi hawezi kuishtaki nchi yake moja kwa moja mpaka nchi hiyo itoe tamko maalumu la kumruhusu. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010. Juni 2013 Mahakama ilitoa hukumu yake ya kwanza iliyoingia ndani ya shauri lenyewe, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila na mashirika ya kisheria, ikasema kumzuia raia kugombea uongozi bila kupitia chama kunavunja Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki mwaka 2015, na Katiba yetu bado inamtaka mgombea apitie chama. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lake. Guinea-Bissau, nchi ile ambayo wajumbe wa Kamati ya 24 waliizunguka usiku, ilitoa la kwake mwaka 2021. Raia wake anaweza kuja Arusha kuishtaki nchi yake. Mtanzania anayeishi Arusha hawezi.

Watu wameniuliza kama hilo linaweza kubadilishwa. Linaweza, na hauhitajiki mkutano mwingine wa wakuu wa nchi. Linahitaji tamko jipya lenye saini ya serikali, lipelekwe Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Kabla ya saini huwa kuna rasimu, na kabla ya rasimu huwa kuna ofisa wa ngazi ya kati aliyeandika dokezo la kumweleza Waziri kwa nini jambo hili lina manufaa kwa nchi, akalijengea hoja, akalijibia pingamizi za wizara nyingine, na likirudishwa akalipeleka tena. Baadhi yenu mtakuwa maofisa hao kabla miaka mitano haijapita. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo.